Jibu Halimo Kwenye Kifungu

Tarehe 19 Oktoba 1914 manowari ya Waingereza iliyoitwa Chatham ilisimama nje ya bandari ya Lindi na kutuma boti ndani. Huko mtoni waliikuta meli ya abiria ya Kijerumani, Präsident, imejificha na kujidai kuwa ni meli ya hospitali. Wakaipekua. Kati ya makaratasi waliyoyapata kulikuwa na habari kwamba matishari ya makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa kwa manowari ya Kijerumani Königsberg, mahali panapoitwa Salale, ndani ya delta ya Rufiji.

Kwa mwezi mzima Waingereza walikuwa wakiitafuta Königsberg. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ilikuwa imeizamisha manowari yao Pegasus pale Zanzibar, kisha ikapotea kama sindano kwenye mchanga. Sasa walikuwa na neno moja mkononi: Salale. Lakini makaratasi yenyewe yalikuwa ya wiki kadhaa nyuma. Hayakusema kama meli bado ipo, wala kwa nini ingekuwapo. Ili neno lile liwe na faida, ilibidi mtu ajiulize mambo ambayo hayakuandikwa. Meli inayoletewa makaa kwa matishari ina makaa kiasi gani? Mto unaopitisha tishari unapitishaje manowari, na maji yakiwa ya namna gani? Tarehe 30 Oktoba wakaiona milingoti yake ikichomoza juu ya miti. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa kwa mizinga kwa siku mbili tofauti, Königsberg ikalala kwenye tope la Rufiji. Mmoja wa mizinga yake uko Mombasa hadi leo, watalii wanapiga nao picha.

Wanaopenda vita wameandika sana juu ya meli hiyo. Mimi kinachonivuta ni yale makaratasi. Waingereza walikuwa wamekaa mbele ya maandishi ya lugha ya kigeni, Kijerumani, wakajiuliza maswali, wakapata majibu ambayo kwenye maandishi hayakuwemo. Shuleni kwetu zoezi hilo lina jina. Kwenye somo la Kiswahili tunaliita ufahamu, na kwenye Kiingereza ndilo lile linaloanza kwa agizo ambalo kila Mtanzania aliyepita darasa la saba anaweza kulitamka usingizini: soma kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali.

Nimekaa na agizo hilo kwa muda sasa. Nilipomaliza chuo nilikwenda kwa shangazi yangu katika kijiji kimoja cha kata ya Salale, kusubiri ajira, kama wanavyosubiri wengi wa rika langu. Ukishuka Nyamisati, mahali ambapo watu hupanda boti za kwenda Mafia, bado una safari ya mtumbwi wa mashine kupita kwenye vijito vya mikoko. Habari kwamba mtoto wa kaka yake fulani amesoma ilifika kijijini kabla ya begi langu. Jioni ya pili watoto watatu walikuwa barazani, shikamoo dada, na madaftari yamefungwa kwenye mfuko wa rambo ili yasilowe. Wiki ya pili walikuwa tisa. Tunakaa mkekani baada ya Isha, taa ya sola katikati, na kazi za nyumbani walizonakili kutoka ubaoni. Nusu yake ni sarufi ya Kiingereza. Nusu nyingine ni vifungu vya habari.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba wengi wao wanajibu vizuri. Ukiangalia daftari utaona vema nyekundu zimejaa. La pili lilinichukua siku kadhaa: wanajibu vizuri bila kujua kifungu kinahusu nini.

Nieleze kwa mfano, maana ni rahisi kuona kuliko kusimuliwa. Nawe msomaji jaribu:

Mdengule alizivupa ndoluko tatu kule mbasuni kabla jua halijachwa.

Nani alizivupa ndoluko? Mdengule. Alizivupa ngapi? Tatu. Wapi? Mbasuni. Lini? Kabla jua halijachwa. Umepata nne kwa nne, na wala hakuna ajuaye ndoluko ni mdudu au ni sufuria. Walimu wa kusoma huko Ulaya na Marekani wamecheza mchezo wa namna hii miaka mingi, kwa maneno yao wenyewe ya kubuni. Nilipouleta barazani watoto walicheka mpaka shangazi akatoka kuuliza kuna nini. Kisha nikauliza swali la tano: je, ndoluko zilipenda kuvupwa? Kimya. Mvulana mmoja wa darasa la sita akasema, bila kuinua kichwa, “Dada, Kiingereza chote kiko hivyo.”

Ufundi wao ni huu. Neno la kwanza la swali la Kiingereza linawaambia watafute mtu, mahali, wakati au idadi. Maneno yanayobaki wanayatafuta kwenye kifungu kwa macho, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa. Wakiyapata wananakili sentensi nzima kutoka herufi kubwa hadi nukta. Kwa maswali ya kuchagua herufi, mambo ni mepesi zaidi: wanachagua jibu lenye maneno mengi yanayofanana na ya kifungu. Hakuna aliyewafundisha kudanganya. Wamefundishwa kushinda mtihani, na karatasi ya Kiingereza ya darasa la saba ina sehemu ya sarufi na msamiati, sehemu ya kupanga sentensi zilizovurugwa, na sehemu ya ufahamu, na sehemu zote hizo zina mlango wa uani.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za zoezi lenyewe, nikitaka kujua aliyelianzisha alitaka nini.

Hakuna mtu mmoja. Lakini kwa vitabu vya kufundishia Kiingereza watu wasio Waingereza, jina la Michael West haliepukiki. Alikuwa Mwingereza aliyefundisha walimu Dhaka, katika Bengali ya wakati huo, na mwaka 1926 alichapisha ripoti ndefu kuhusu wanafunzi wenye lugha mbili. Aliona jambo ambalo mtu wa Salale angelielewa mara moja: wengi wa watoto aliowafundisha wangeacha shule kabla ya kumaliza. Basi akauliza, mtoto anayeondoka baada ya miaka mitatu anaondoka na nini? Alitumia lugha ya bima. Ukikatiza bima yako kabla ya wakati, unarudishiwa kiasi fulani. Somo ambalo halimrudishii chochote anayeliacha njiani, West alisema, ni somo bovu. Kuzungumza Kiingereza kidogo hakumfai mtu katika kijiji kisicho na Mwingereza, ila kusoma kidogo kunafaa popote palipo na karatasi.

Kwa hiyo akatunga vitabu vya kusoma vyenye maneno machache ya kawaida, maneno mapya yakiingia moja moja, na akaweka maswali ili mtoto asome kimyakimya akiwa na kitu cha kutafuta. Swali lilikuwa chambo. Lilikusudiwa kumvuta mtoto aingie ndani ya hadithi, na mwalimu aone kama ameingia. Vitabu vya namna hiyo, vya West na vya washindani wake wa Oxford, vilisambaa katika makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo. Chambo kilifika. Yaani, samaki wetu wamejifunza kula chambo na kuiacha ndoana.

Simlaumu West sana. Katika pwani hii kujifunza lugha ya kigeni hakukuanza na Waingereza. Watoto wangu wa barazani hutoka chuoni kwanza ndipo waje kwangu, na kule chuoni wanasoma Kiarabu. Kusoma kwa sauti na matamshi sahihi ni ibada na kuna thamani yake, hata kabla ya maana. Lakini maana nayo ina njia yake. Katika darsa za pwani, tangu zamani, shehe husoma sentensi ya Kiarabu kisha huieleza kwa Kiswahili, husoma tena, hueleza tena. Tafsiri kamili ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, imetokana na utamaduni huo mrefu wa kufasiri. Hakuna shehe aliyewahi kudhani kwamba Kiswahili kitaharibu Kiarabu cha mwanafunzi. Kiswahili kilikuwa daraja, na kila mtu alipita juu yake bila aibu.

Daraja hilo lilivunjwa kwa upande wa Kiingereza, na uvunjaji wake una tarehe. Januari 1961, karibu mwaka mmoja kabla ya Uhuru wetu, wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1992, msomi Robert Phillipson aliyapitia mawazo ya mkutano ule na kuyachambua kuwa imani tano zilizochukuliwa kama ukweli: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba mtoto akianza mapema ni bora, kwamba akipewa kingi ni bora zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Zote tano mimi nilizikuta shuleni nikiwa mtoto, zikisemwa kama methali. Sikujua kwamba zilikuwa na mkutano.

Ya kwanza ndiyo iliyotuumiza. Katika shule ya Nairobi yenye mwalimu anayezungumza Kiingereza tangu utotoni, labda unaweza kufundisha kwa Kiingereza tu na mtoto akatoka na kitu. Katika delta ilikuwa jambo jingine kabisa. Fikiria mfululizo wa matukio. Mwaka 1967, baada ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, na Kiingereza kikabaki somo tu. Uamuzi mzuri, na nautetea. Mwaka 1968 na 1969 watu wa bonde la Rufiji wakahamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya mafuriko na kupelekwa vijiji vilivyopangwa. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma: watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Walimu wakahitajika kwa maelfu, upesi, na wengi wakaandaliwa wakiwa kazini vijijini, wakiwemo waliomaliza darasa la saba tu. Mwalimu huyo angefundishaje Kiingereza kwa Kiingereza? Alifanya lililowezekana. Aliandika kifungu ubaoni, watoto wakanakili, akauliza maswali yaliyo kitabuni, akakubali majibu yaliyo kitabuni. Kunakili kulimsitiri yeye, kukamsitiri na mtoto.

Kisha mtoto yuleyule, akibahatika, alikwenda sekondari, na siku ya kwanza akakuta biolojia, jiografia na hesabu vyote kwa Kiingereza.

Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta iliona hatari hiyo. Mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia Januari 1985. Serikali haikukubali. Nyerere mwenyewe, mwalimu aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia na lazima kipewe uzito wake. Mwaka huohuo wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walizunguka shule zetu wakipima Kiingereza. Waliwapa wanafunzi vifungu vilivyofutwa maneno, wayajaze wenyewe. Zoezi hilo lina faida moja kubwa: huwezi kunakili neno ambalo halipo. Waligundua kwamba hata kufika kidato cha nne, takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi walikuwa na kiwango ambacho mtu angetegemea ndipo masomo kwa Kiingereza yaanze. Yaani yaanze, wala si yamalizike. Halafu, kwa mantiki ambayo mpaka leo sijaimeza, wakapendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Uingereza ikafadhili mradi wa kukitia nguvu, ulioanza mwaka 1987, na vitabu vya hadithi za Kiingereza chepesi vikapelekwa sekondari. Hilo la vitabu vya hadithi lilikuwa jambo la maana, West angelifurahia. Lakini sekondari zenyewe wakati huo zilikuwa chache, na mtoto wa Salale alizisikia tu.

Hali hiyo ilibadilika kuanzia 2004, kwa mpango wa sekondari za kata. Leo mtoto wa delta hana shaka kubwa kama atakwenda kidato cha kwanza. Tangu 2016 ada nayo haipo. Kwa hiyo yale yaliyokuwa matatizo ya wachache wenye bahati sasa ni ya kila nyumba. Wale tisa wa barazani kwangu, watatu kati yao wako darasa la saba. Januari ijayo wataambiwa wasome kwa Kiingereza habari za usanisinuru, na pale hakutakuwa na sentensi ya kunakili. Binti mmoja kati yao ana kaka aliyeacha kidato cha pili na kurudi kuvua kamba. Nilimuuliza kwa nini aliacha. Hakulalamikia michango wala umbali. Alisema, “Nilikuwa naandika kutwa nzima, dada, na jioni sijui nimeandika nini.”

Nikaamua, kwa baraza langu dogo, kurudisha daraja. Sarufi kwanza, kwa sababu ndiyo wanayoichukia, na kwa sababu Kiswahili kinaieleza vizuri kuliko kitabu chao.

Chukua kosa maarufu kuliko yote: mtoto anaandika “Did he went?” Kitabu kinamwambia kwamba baada ya “did” kitenzi hurudi kwenye umbo lake la kwanza. Anakariri, anasahau. Mimi nawauliza: alisoma, ukikanusha? Hakusoma. Ile -li- ya wakati uliopita imekwenda wapi? Wanatazamana. Haipo. Imepokewa mzigo na -ku-. Je, unaweza kuziweka zote mbili, -ku- na -li-, mahali pamoja? Wanajaribu kutamka na kuangua kicheko. Basi, nawaambia, Kiingereza nacho kinaona tabu kubebesha wakati uliopita mara mbili. “Did” imeshaubeba, “go” inakwenda mikono mitupu. Baada ya jioni hiyo kosa halikuisha, maana makosa ya lugha hayaishi kwa jioni moja, lakini walianza kulisikia wenyewe. Mmoja akiandika vibaya mwenzake humwambia, “Umebeba mara mbili.”

Au “a” na “the”, vijineno vinavyowatesa hata maprofesa wetu. Wanaambiwa Kiswahili hakina kitu hicho. Si kweli kabisa. Mtu wa Salale akisema “nimeona mtumbwi”, ni mtumbwi wowote. Akisema “nimeuona mtumbwi”, wewe msikilizaji unaujua, ni ule uliokuwa ukitafutwa. Ile -u- ndogo mara nyingi inafanya kazi ambayo Mwingereza humpa “the”. Siyo kila mara, na mwanaisimu atanirekebisha, lakini kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu ni mlango wa kuingilia.

“He” na “she” nazo huchanganywa kila siku, mpaka wageni hudhani watoto wetu hawamjui mama ni nani. Nawaambia Kiswahili kina ngeli nyingi kuliko vidole vya mikono, kinatenganisha mti na kiti na jiwe, lakini yeye ni yeye. Mwingereza ametupa ngeli zote akabakiza kuuliza kama mtu ni mume au mke. Ni ajabu yake, tumvumilie.

Vifungu vya habari ni kazi ngumu zaidi, na hapo sarufi haitoshi. Mwaka 1979 watafiti wa Illinois, Marekani, walichapisha jaribio zuri sana. Waliwapa Wahindi na Wamarekani barua mbili za Kiingereza, moja ya harusi ya Kihindi na moja ya harusi ya Kimarekani. Wote walijua Kiingereza. Kila kundi lilisoma haraka zaidi na kukumbuka mengi zaidi kwenye harusi ya kwao. Katika barua ya Kimarekani bibi harusi alivaa gauni la bibi yake, jambo la heshima na urithi. Msomaji wa Kihindi akaelewa kwamba maskini bibi harusi alivishwa nguo kuukuu. Maneno yote aliyajua. Harusi ndiyo hakuijua.

Kazi moja ya nyumbani iliyoletwa barazani ilikuwa na kifungu cha mtu anayesafiri kwa ndege. Anapanga foleni, anapimiwa mzigo, anavua mkanda, anasubiri mlangoni. Swali: kwa nini alivua mkanda? Jibu halimo kwenye kifungu. Aliyewahi kufika uwanja wa ndege halihitaji kuandikwa, na ambaye hajafika hatalipata hata akisoma mara mia. Watoto waliandika, kwa pamoja, kwamba alikuwa ameshiba. Nililiona jibu hilo kuwa la akili kuliko lote walilowahi kuandika. Hawakunakili. Walitazama ulimwengu wanaoujua, wakamwona mtu anayelegeza mkanda, wakatafuta sababu. Yaani walifanya kile walichokifanya wale maafisa wa Chatham na makaratasi yao, isipokuwa wale walikuwa na ramani ya bahari na hawa hawana.

Kwa hiyo sasa tunaanza kila kifungu kwa Kiswahili, kabla ya kukisoma. Naeleza uwanja wa ndege ulivyo, nani anaogopa nini na mkanda una chuma gani. Wakati mwingine inachukua nusu saa na taa inaanza kufifia. Kisha tunasoma Kiingereza, polepole, na kila mmoja anasema kwa maneno yake, kwa Kiswahili, kilichotokea. Kujibu maswali ni mwisho kabisa. Kuna mzazi mmoja aliyenifuata kisimani kuniuliza, kwa adabu, kama sikuletwa kufundisha Kiingereza. Nilimwalika aje kukaa. Alikaa jioni moja nzima, mgongo ukutani, akiwasikiliza watoto wakibishana kuhusu uwanja wa ndege. Alipoondoka alisema tu kwamba yeye angeogopa kupanda.

Mwezi uliopita nikageuza kazi. Kila mmoja atunge kifungu kwa Kiingereza, kuhusu jambo la hapahapa, na maswali matatu, mojawapo jibu lake lisiwemo. Wengi waliandika juu ya kweleakwelea na kulinda mpunga kwenye dungu, maana ndio msimu. Binti mwenye kaka mvuvi aliandika sentensi nne. Babu alitoka kwa mtumbwi siku ya bamvua kutafuta kaa. Aliingia kijito kidogo kwenye mikoko. Alilala kidogo. Jioni alirudi nyumbani kwa miguu, ana tope hadi kiunoni. Maswali yake: nani alitoka, alitafuta nini, na mtumbwi uko wapi?

Nilitazama kifungu kile kwa muda. Mimi ni mtu wa Dar es Salaam, na nilikuwa bado nafikiria wezi. Wale wadogo hawakuhitaji hata dakika. Bamvua, walisema, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Kijito kidogo. Alilala. Mtumbwi umekaa kwenye tope, uko palepale, haujapotea, atausubiri maji yajae tena usiku aende kuuchukua. Mmoja akaongeza kwamba babu lazima aliufunga kwenye mkoko kabla ya kuondoka, la sivyo angebaki nao. Wakakubaliana. Halafu wakaanza kuliandika jibu kwa Kiingereza, na ubishi ukaanza upya, mkali kuliko wa kwanza, kama waandike “a boat” au “the boat”.